Kashata za Ufuta kwa Panya wa Kundi la Pili

Kiponda, Mjini Unguja
Alhamisi, 14 Juni 2001

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanamwema binti Mmanga, Mkokotoni.

Shikamoo Mama. Najua umeshaitikia marahaba hata kabla Riyama hajavuta pumzi ya kusoma neno la pili, kwa hivyo naipokea marahaba yako huku nilipo na kuubusu mkono wako. Natumai barua hii inakukuta mzima, goti limepungua kukuuma, na yule kuku wako mweupe ameacha tabia ya kwenda kutaga kwa jirani. Mimi huku sijambo kiasi. Hilo neno "kiasi" nitalieleza mbele, tafadhali usimkatize msomaji.

Nawe Riyama, mdogo wangu, salamu zako zipo. Nakuomba kwa haki ya ziwa tulilonyonya, barua hii umsomee Mama chumbani, mlango umefungwa, mkiwa wawili tu. Usiisome ukumbini mbele ya wanaokuja kuomba chumvi. Soma kila nilichoandika, usiruke, na zaidi ya yote usiongeze.

Ama baada ya hayo, Mama, nina haja mbili kwako. Ya kwanza nataka radhi yako, kwani nimekudanganya miezi saba mfululizo. Ya pili nataka kujua unatia kiasi gani cha sukari, kiasi gani cha ufuta na kiasi gani cha iliki katika kashata zako, kwa gramu. Najua haja ya pili itakuchekesha ukiiweka karibu na ya kwanza, lakini zimefungwa kamba moja. Daktari Sleiman ana barua ya kupeleka Ulaya Jumatatu ijayo, na bila ya vipimo vyako kazi yake ya mwaka mzima itakwenda na maji, kwa kosa langu mimi. Na bila ya radhi yako, mimi mwenyewe sitakuwa na pa kuuweka uso wangu.

Nianze na kazi yenyewe, maana hata hiyo hukuijua vizuri. Nilipokuambia nimeajiriwa na daktari, wewe ukawatangazia watu wa Mkokotoni kuwa mwanao anatibu. Idd iliyopita watu watatu walinionyesha ndimi zao na mmoja akanivulia shati, nami nikawaangalia na kusema inshaallah zitapona. Mama, mimi sitibu mtu. Mimi ninalea panya.

Daktari Sleiman ni mtu wa hapa hapa Mjini, mjukuu wa mabwana waliokuwa na mashamba ya mikarafuu, ambayo siku hizi imebaki kwenye picha ukutani. Alisoma Ulaya miaka kumi na moja, akarudi katika nyumba ya babu yake hapa Kiponda na mizigo mitatu: vitabu, birika la umeme, na panya ishirini na wanne weupe waliokuja kwa ndege. Siku waliposhushwa, mtaa mzima ulijaa vibarazani. Bibi mmoja akauliza kwa sauti iliyofika hadi Darajani, huyu mtoto wa watu amesomeshwa miaka yote hiyo ili aje kutuletea panya, kwani hawa waliomo darini mwetu wana kasoro gani?

Daktari hawajibu watu wa kibarazani, na ndiyo maana hawampendi. Lakini mimi alinieleza kwa upole, nami nakueleza nilivyofahamu. Ndani ya ubongo wa panya, mahali padogo kuliko punje ya mtama, hutengenezwa kitu kinachoitwa oreksini. Kitu hicho ndicho kinachomwambia panya aamke akale. Kikizidi, anakula na halali. Kikipungua, anasinzia mdomo ukiwa juu ya chakula, kama Mjomba Sheha kwenye maulidi. Wataalamu wa Ulaya na Marekani wamekigundua juzi juzi tu, na kila mmoja anakimbilia kuandika jambo jipya kabla ya mwenzake. Daktari wetu naye anakimbia, ila yeye anakimbia kutoka Kiponda, umeme ukiwepo.

Basi panya hao waligawiwa makundi mawili, kumi na wawili kwa kumi na wawili. Wa kundi la kwanza wanatiwa oreksini kichwani kwa kijibomba chembamba kama uzi. Wa kundi la pili wanatiwa maji ya chumvi kwa kijibomba kile kile, ili tofauti ijulikane. Kazi yangu ni kuwapa chakula chao, vidonge vikavu vya rangi ya udongo, kwa mizani, kupima kilichobaki, kuwapima na wao wenyewe, kisha kukaa na daftari na kuandika nani yu macho na nani amelala. Majina hawaruhusiwi, ni namba tu. Kwa siri niliwapa majina. Namba kumi na tisa anaitwa Riyama, kwa sababu halali mpaka ajue kila kilichotokea nyumbani.

Saa za humo zimepinduliwa. Panya ni mtu wa usiku, na Daktari hataki kukesha, kwa hivyo madirisha yamezibwa na usiku wao tumeuleta asubuhi. Saa sita mchana huku nje watu wanakwenda kuswali adhuhuri, humo ndani ni kiza na taa nyekundu, na panya wanahangaika na shughuli zao. Saa nane mchana nawasha taa kubwa, kwao kumekucha, wanajikunja na kulala. Ramadhani ilipoingia, Kificho, mlinzi wetu, alikuja kumwuliza Daktari kwa adabu zote ikiwa mtu akiwa humo asubuhi, ambamo ni usiku kwa kanuni za elimu, anaweza kula kidogo. Daktari akamjibu kuwa jua haliombi ruhusa kwa madirisha. Kificho akasema alikuwa anauliza tu, kwa faida ya wengine.

Sasa nifike kwenye kosa. Tangu siku ya kwanza kundi la pili lilinitia uchungu. Wale wa kwanza wametobolewa vichwa, lakini angalau wamepewa kitu. Hawa wametobolewa vichwa wakapewa maji ya chumvi. Nilimwuliza Daktari wamekosa nini, akasema hawajakosa, ndivyo elimu inavyokwenda, lazima awepo asiyepewa ili ajulikane aliyepewa. Nikarudi kwenye mizani yangu, lakini sikukinai. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akigawa samaki wake mafungu sawa hata kwa paka.

Na kila Jumamosi, Mama, kulikuwa na kikapu chako.

Kificho unamjua, ni mtoto wa Bi Shemsa hapo hapo kwenu. Ijumaa anakwenda nyumbani, Jumamosi anarudi amekibeba kikapu kichwani, na harufu ya iliki inamtangulia ngazini. Kashata za ufuta, visheti, mkate wa kumimina uliofungwa kwenye kitambaa cheupe. Nawe kila Ijumaa unamwuliza kama mwanao anakula, naye anakujibu kuwa kikapu kinarudi kitupu, hata makombo hamna. Kwa furaha ya jibu hilo ukazidisha. Mwezi wa Januari vikawa vikapu viwili. Mwezi wa Machi ulituma na salamu kuwa unaona sasa nimerudia kula kama zamani.

Ni kweli vikapu vilirudi vitupu. Lakini tangu Novemba aliyekuwa akila si mimi.

Kwa nini sikula mwenyewe, nitasema, nipe muda. Kwanza nieleze kwa nini sikutupa wala sikugawa. Kutupa siwezi, na wewe ndiye uliyenifanya nisiweze; ulitusimamia mkekani tuokote wali punje kwa punje. Nikimpa Kificho, Ijumaa hiyo hiyo ungeshajua. Jina lake Kificho, lakini sijaona alichowahi kukificha. Nikiwapa majirani, ni balaa jingine. Sahani ya Mjini hairudi tupu. Nilijaribu mara moja, nikampelekea visheti yule bibi wa kibarazani; kesho yake sahani ikarudi na vileja, nikalazimika kuirudisha na kashata, ikarudi na halua. Kwa siku nne tulikuwa tunashambuliana, na chumbani kwangu vitamu vimezidi vilivyokuwepo.

Siku hiyo ya nne, saa kumi alasiri, niliingia chumba cha panya na kikapu mkononi, sijui nikiweke wapi. Taa zilikuwa zinawaka, wote wamelala. Namba kumi na saba wa kundi la pili akafumbua macho, akainuka, akashika nyaya za kizimba kwa mikono miwili na kunitazama. Mama, kukaa na chakula mbele ya mwenye roho anayekutazama, usimpe, hilo si malezi yako. Nilimega kipande cha kashata kama ncha ya kidole gumba. Alikipokea kwa mikono yote miwili, kwa adabu kuliko watu wengi ninaowajua. Na kwa kuwa nimempa mmoja, haikuwa haki kuwanyima kumi na mmoja.

Kesho yake saa kumi nikarudi. Na kesho yake.

Baada ya wiki tatu mizani ilianza kusema mambo ya ajabu. Kundi la pili lilikuwa likiacha vidonge vyake, tena kwa dharau, wengine wanavisukuma kwa mguu. Na huku wanaacha chakula, wananenepa. Namba kumi na tisa alikuwa na kidevu cha pili. Tena walipaswa kulala tangu saa nane mchana, lakini ilipofika saa tisa wote walikuwa wameamka na wamesimama kwenye nyaya wakitazama mlango, kama watu wanaomsubiri bwana harusi. Nami niliandika kila kitu daftarini. Ile ni amana, Mama, sikuandika uongo hata mstari mmoja. Niliandika kweli yote isipokuwa kashata.

Daktari alipojumlisha hesabu aliibusu mizani. Panya wanaokula kidogo na kunenepa! Wanaopewa maji ya chumvi na kukesha! Hakuna mtaalamu duniani aliyewahi kuona kitu hicho. Akadhani labda ni hewa ya Unguja, labda ni joto, labda ni maji ya kisima, labda ubongo wa panya ukifika kisiwani unajifunza kuishi kwa matumaini. Aliandika kurasa thelathini na moja. Wakubwa wa huko Ulaya wakamjibu kwa maneno matamu kuwa watazichapisha katika jarida lao, na Daktari akanunua tai.

Mara tatu nilisimama mlangoni kwake kumwambia. Mara ya kwanza alinikaribisha chai. Mara ya pili alinionyesha karatasi na chini ya jina lake lipo jina langu, Abdulwahid Hija Gharib, kwa herufi za mashine. Mara ya tatu alinishika bega akasema kuwa sisi wawili tutaijulisha Kiponda duniani. Kila mara nilirudi kwenye panya wangu. Nilikuwa nikijiambia kesho nitaacha kuwapa, lakini kesho yake saa tisa wote kumi na wawili wamesimama.

Waliokuja kunifichua kwanza ni sisimizi. Walipanda ukuta msururu mmoja mpaka kwenye vizimba vya kundi la pili, kundi la kwanza hawakuligusa. Daktari akaweka miguu ya meza kwenye makopo ya mafuta ya taa na kusema ni hali ya hewa. Lakini Jumatatu ya wiki hii alikuwa akikichunguza kinyesi cha namba kumi na tisa, akaona punje. Aliishika kwa koleo ndogo, akaitia chini ya darubini, ingawa mtu aliyezaliwa Unguja hahitaji darubini kuujua ufuta. Kisha akainama kizimbani akanusa. Daktari ametoka Ulaya, lakini amekulia Mkunazini. Iliki hawezi kupotezwa nayo.

Alituita mimi na Kificho. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alisema mtu mmoja kati yetu amemharibia mwaka mzima, na kwa kuwa kikapu chenye kashata hupita mikononi mwa Kificho, na funguo za mlango hulala kwa Kificho, basi jawabu liko wazi. Mimi hakunishuku hata chembe, kwa sababu jina langu limo kwenye karatasi. Kificho aliapa kwa Msikiti wa Kokoni na kwa watoto wake watano. Alisema yeye panya akimwona humpa kiatu tu, na kashata za Bi Mwanamwema kama angekuwa na njia ya kuziiba angezila mwenyewe. Daktari akampa mpaka Jumatano akiri au aondoke.

Na mimi, Mama, nilinyamaza. Siku mbili nilinyamaza. Naona haya kuliandika hili kuliko yote niliyokwishaandika. Niliwapima panya, nikala wali wangu, nikaswali, na nikanyamaza.

Jana Jumatano asubuhi nilimkuta Kificho akikunja jamvi lake chini ya ngazi. Redio ameifunga kwenye kanga. Aliniambia bila hasira kuwa nisihuzunike, kikapu cha Jumamosi hii ataniletea hata kama hana kazi, maana amekuahidi wewe. Hapo nikawaona kwake wale panya wangu wa kundi la pili, waliodungwa bila kosa, nami nilikuwa nikiwaonea huruma miezi saba na kujiona mwema. Nilipanda ngazi mbili mbili nikamwambia Daktari kila kitu, toka kipande cha kwanza.

Alikaa juu ya gunia la vidonge. Alivua tai. Alisema maneno fulani ambayo Riyama hana haja nayo, mengine kwa lugha ya Ulaya, na nadhani hayo ndiyo yaliyokuwa mabaya zaidi. Alimwita Kificho akamtaka radhi mbele yangu, Kificho akaitoa, akashuka kulitandaza jamvi lake, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari. Kisha Daktari akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Aliuliza, kijana mzima, kashata za mama yako, za kila wiki, kwa nini hukula mwenyewe?

Akanitazama kwa mara ya kwanza kama anavyowatazama panya. Akauona mkanda wangu, una matundu matatu mapya niliyoyatoboa kwa msumari. Akaniuliza kuhusu kiu. Akanipeleka kwenye mizani.

Riyama, soma polepole hapa, na umshike Mama mkono.

Mama, nina sukari. Kama Baba. Nilijua tangu mwezi wa Novemba. Nilikuwa nakunywa maji ndoo kwa ndoo na sishibi, na asubuhi moja nikawaona sisimizi chooni, wamejipanga pale pale, kama tulivyowaona choo cha nyumbani mwaka ule wa Baba. Nikaenda hospitali peke yangu, wakanipima, wakanipa vidonge na wakaniambia vitamu basi. Navinywa kila siku, na tangu Februari nimeanza kurudi mwilini kidogo. Hospitali hawakunificha ugonjwa mkubwa kuliko huu, wala mimi sikufichi. Hilo ndilo neno "kiasi" la mwanzo wa barua.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu siku ya tatu ya msiba wa Baba nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa jikoni na sinia la vikombe, nikakusikia ukiwaambia wanawake kuwa umemuua mume wako kwa mkono wako mwenyewe, umemlisha mauti miaka thelathini kwa kijiko cha sukari. Wao wakakuambia usikufuru, lakini nilijua hukuwasikiliza. Ulikaa mwaka mzima hukukaanga kisheti. Kisha Kificho alipopata kazi hapa ukaanza tena, kwa ajili yangu, na Riyama akaniambia kuwa Mama amerudi jikoni, anaimba. Ningekwambiaje, Mama? Nilikuwa nikikipokea kikapu, nakifungua, naweka uso wangu ndani na kuvuta harufu mpaka kifua kinajaa. Kisha nawapelekea wao. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yangu, na Mungu shahidi, nilishiba kwayo.

Daktari nilipomweleza haya alitoka nje akakaa rosheni muda mrefu. Aliporudi alisema kuwa ameona panya wakinenepa gramu kwa gramu, na mtu anayewashika akikonda mbele yake hakumwona, basi kila mmoja wetu ana lake la kutubia. Alisema sharti la kurudi kazini ni moja, nikae chini nikuandikie wewe kabla ya Ijumaa.

Na asubuhi hii, nilipoingia, nilimkuta na daftari zangu zote zimetandazwa sakafuni, macho yake yamewiva. Ile karatasi ya kurasa thelathini na moja ameichana. Lakini anasema ndani ya daftari hizi kuna jambo ambalo hakulitafuta. Wale panya wa kundi la pili hawakukesha ovyo. Waliamka saa tisa kamili, kila siku, saa moja kabla sijaingia, hata siku ambazo umeme ulikatika na chumba kizima ni kiza. Kitu kilikuwa kikiwaamsha kabla ya kashata, si baada. Anadhani oreksini yao wenyewe ilikuwa ikiamka kwa kutarajia. Anataka kuwaandikia wakubwa wa Ulaya Jumatatu, awaambie ukweli wote wa kosa letu, na awaombe wamwachie afanye upya kwa utaratibu. Lakini nani atamsikiliza mtaalamu asiyeweza kusema panya wake walikula nini? Ndiyo maana anataka vipimo vyako.

Najua wewe hupimi, unatia kwa jicho na mkono. Basi usiubadilishe mkono wako. Kesho Ijumaa pika kashata kama siku zote, ila kila unachotaka kukitia chunguni, kwanza kiingie kwenye bakuli, na Riyama akikimbize kwenye mizani ya dukani, akiandike, akirudishe. Riyama, si kwa kukisia. Iliki nayo ipimwe. Jina la Mama litaandikwa kwenye barua hiyo chini ya langu, Bi Mwanamwema binti Mmanga wa Mkokotoni, na wakubwa wa Ulaya watalisoma.

Daktari pia ameniambia jambo nikufikishie kama lilivyo. Maradhi haya hutembea katika damu ya ukoo, na aliniuliza kwa upande wa Baba kulikuwa na nani. Nikakumbuka Baba alivyokuwa akitusimulia juu ya Bibi, mama yake, aliyekuwa hatoki bila ya kopo lake la maji, na watu wakisema amekufa kwa kiu. Yeye hakuwahi kuonja kashata yako, Mama. Alifariki kabla hujaolewa.

Nisalimie Mjomba Sheha na umwambie sijamsema vibaya. Wasalimie wote wanaouliza, na wale walionionyesha ndimi zao waambie waende hospitali. Kificho anakusalimu, ndiye mchukuzi wa barua hii, nami bahasha nimeifunga kwa gundi tunayobandikia namba za panya, haifunguki ila kwa kisu. Jumamosi nitumie vikapu viwili tafadhali, kikubwa cha panya, na kidogo changu mimi, utie samaki wa kuchoma na mchicha, na juu yake kile kitambaa cheupe cha mkate, hata kama hakifuniki kitu, nipate harufu.

Na nakuomba usirudi tena kwenye maneno yale ya jikoni. Kama mikono yako ingekuwa inaua, panya kumi na wawili wangekwisha kufa zamani. Wote wazima, wanene, na kila siku saa tisa wamesimama wanakungoja.

Ni mimi mwanao mwenye kungoja radhi yako,

Abdulwahid Hija Gharib